Mizani ya Viazi

Jumamosi, Mwanjelwa. Ukungu haujaamua
upande Loleza au ulale sokoni.
Ninayo sufuria ya mama ndani ya kitenge,
ile ya kusubu, nzito, iliyobaki na sikio moja,
iliyopikia misiba mitatu na ubatizo wangu.
Nikaiweka kwenye mizani ya viazi ya Bupe.
Mshale ukaruka, ukatetemeka, ukatulia:
kilo mbili na robo. Tupu.

"Na hiyo unapanda nayo Rungwe?"
Sikumjibu. Lusajo ndiye aliyenifundisha kuogopa gramu.
Yeye hukata mpini wa mswaki,
huchana ramani akaacha pande asikopita,
na mgongo wangu ukilalamika husema, "Utazoea."
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nikaingia kwa wauza vyombo.
Nikagonga kila sufuria kwa ukucha
kama mtu wa bara anayechagua nazi.
Ya chuma cha pua ikalia *ting*,
na bei yake ikalia zaidi.
Ya enameli, maua mekundu ubavuni,
ilikuwa ya kabatini, ya wageni wa Pasaka;
ikibanduka mara moja tu, kutu inahamia.
Ya alumini nyembamba ilisema *ta*,
kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini.

Ambakisye, mwenye meza,
akaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea,
akaisukuma kutoka ndani, ikarudi.
"Hii haina kiburi. Ila ugali itakuunguzia."
Sitapika ugali, nikasema.
Akanitazama kana kwamba nimesema sitapumua.
"Na mfuniko? Elfu mbili."
Nikaringa: sahani itatosha.

Nikarudi kwa Bupe, nikaiweka mizanini.
Mshale haukushtuka.
Akaipiga mizani kofi, akadhani imekufa.
Akatia kiazi kimoja ndani ya sufuria,
kiazi cha Uporoto, kikubwa kama ngumi ya fundi,
mshale ukaamka.
"Kumbe ni nzima," akasema. "Wewe umenunua hewa."

Usiku nikapanga.
Kikombe ndani ya sufuria,
kiberiti ndani ya kikombe,
chumvi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi,
majani ya chai, mchele, dagaa waliokwisha kukaangwa.
Maharage nikayaacha. Kule juu maji huchemka kabla hayajawa moto,
na harage la Mbeya si mtu wa kuharakishwa.
Nikasindika soksi kwenye kila pengo,
maana debe tupu haliachi kutika
na njia ya mianzi ni ndefu.

Mama alikuwa mlangoni muda wote.
Hakuuliza kwa nini yake inabaki.
Aliishika nyembamba, akaigeuza,
akaitazama taa kupitia kwayo, au alijifanya.
Kisha akavua mfuniko wa sufuria yake,
ule uliopinda, wenye kifundo cha mti
alichokichonga baba mwaka wa mvua nyingi,
akaufunika juu. Ukazidi kwa upana wa kidole.
"Mama, uzito."
"Kwani huko juu hakuna nzi?"

Tuliingilia Isongole.
Siku ya kwanza mvua, mianzi, tope la magotini,
kipunji mmoja akitubwekea asikoonekana.
Jioni, pale miti inapoanza kufupika,
upepo ukala moto wetu kwa mkono wa kushoto.
Kikombe cha Lusajo, cha madini ya mbali,
chepesi kuliko barua, chenye bei ya mbuzi wawili,
kilikaa wazi kikitoa vipovu vya kusinzia.
Akakikinga kwa kofia. Akakikinga kwa mwili.

Kwangu mfuniko uligonga mara moja,
ukatulia, ukagonga tena,
na mvuke ukatoka pembeni, pale palipozidi.

Tulikunywa chai yangu, sote wawili.
Lusajo akaupima kwa kiganja, juu, chini.
"Gramu mia mbili," akasema. "Mia mbili na hamsini."
Nikamnyang'anya.

Sijaupeleka kwa Bupe mpaka leo.